Windows na Linux kwenye kompyuta moja ya ofisi: nianzie wapi bila kupoteza kazi za wateja?

Karani wa Masasi

Wanajukwaa, habari za kazi. Naomba ushauri wenu kabla sijagusa kitu chochote, kwa sababu kompyuta ninayotaka kuishughulikia ndiyo inayotegemewa na duka zima.

Ninafanya kazi kwenye steshenari hapa Masasi mjini. Tunachapa barua, tunatoa nakala, tunawasaidia wanafunzi kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo, na msimu wa korosho ukifika vyama vya msingi vya ushirika hutuletea orodha za wakulima ili tuziandike na kuzichapa. Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8 na diski moja ya GB 500. Inatumia Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa kupokea masasisho ya usalama ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Haikidhi masharti ya Windows 11, kwa kuwa Microsoft inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8.

Siwezi kuachana na Windows, kwa sababu programu yetu ya hesabu na mashine kubwa ya kunakili zinafanya kazi huko tu. Hata hivyo ningependa kazi za intaneti zihamie kwenye Linux, na mimi mwenyewe ninasoma masuala ya mitandao ya kompyuta jioni baada ya kufunga duka. Nimefikiria kuwa na mifumo endeshi mitatu kwenye diski hiyo moja, yaani Windows 10 iliyopo, Ubuntu, halafu Linux Mint au Kali, ambayo wenzangu wa chuo wananihimiza niiweke.

Ninaomba kujua ni mfumo upi hutangulia, kila mmoja unahitaji nafasi kiasi gani, na kama mafaili ya wateja yatafunguka kutoka kwenye mifumo yote. Pia umeme wetu hukatika bila taarifa, nami sijui ukikatika katikati ya kazi hii itakuwaje.

Fundi wa Mtwara Mjini

Dada Karani, umefanya vyema kuuliza kwanza. Kompyuta nyingi zinazoletwa mezani kwangu zikiwa haziwaki baada ya mtu kujaribu kuweka Linux hazina ubovu wowote wa kifaa. Kilichotokea ni kwamba mtu amefuta patisheni, yaani sehemu mojawapo ya diski iliyogawanywa, ambayo hakujua ilikuwa ya kazi gani.

Kuhusu utaratibu, Windows hutangulia na Linux hufuata. Kisakinishi cha Windows hakiweki mifumo mingine kwenye menyu yake, na kinapomaliza kazi huifanya Windows kuwa ya kwanza kuwaka. Linux kwa upande wake huja na programu ya kuwashia iitwayo GRUB, ambayo hutafuta mifumo iliyopo kwenye diski na kuiorodhesha ili uchague kila unapowasha. Kwa kuwa Windows yako ipo tayari, sehemu hiyo ya kazi imekwisha, na kilichobaki ni kuitafutia Linux nafasi.

Kabla ya nafasi, nakala rudufu. Nunua au azima diski ya nje, nakili mafaili yote ya wateja, kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa uone kama yanafunguka kweli. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu. Kazi ya kubadilisha ukubwa wa patisheni huhamisha vipande vya mafaili kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine, na hapo ndipo umeme ukikatika unaweza kupoteza kila kitu. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, usianze hatua hiyo bila UPS, yaani kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika, ambayo umeipima na kuona kwamba inashika mzigo wa kompyuta na skrini kwa dakika kadhaa. Kama UPS haipo, azima, hata kama itabidi usubiri wiki nzima.

Kupunguza patisheni ya Windows kufanyike ndani ya Windows yenyewe, kwa kutumia "Disk Management", na si kwa kisakinishi cha Linux. Bofya kwa kitufe cha kulia patisheni ya C, chagua "Shrink Volume", na uache nafasi iliyopatikana ikiwa tupu bila kuifomati. Mara nyingi watu hushangaa kuona diski ina GB 300 zisizotumika lakini Windows inakubali kuachia GB 20 tu. Sababu ni kwamba yapo mafaili ambayo Windows haiwezi kuyahamisha ikiwa inafanya kazi, hasa faili la kumbukumbu ya ziada, faili la kulaza kompyuta na kumbukumbu za kurejesha mfumo. Yakiwa yamekaa mwishoni mwa diski, mpaka hauwezi kuyapita, kama vile usivyoweza kukata shamba mahali ambapo mikorosho ya mwenyewe bado imesimama. Dawa yake ni kuzima vitu hivyo vitatu kwa muda, kuwasha kompyuta upya, kupunguza patisheni, kisha kuvirudisha, isipokuwa lile faili la kulaza kompyuta.

Jambo la pili la kuzima, na hili libaki limezimwa daima, ni kile ambacho Windows inakiita "Fast Startup". Kikiwa kimewashwa, ukizima Windows haizimiki kikamilifu, bali huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Linux ikikuta patisheni ya Windows iko katika hali hiyo, itakataa kuandika ndani yake na itakuruhusu kusoma tu, na ukilazimisha kuandika unaweza kuharibu mafaili. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

powercfg /h off

Amri hiyo inazima "Fast Startup" pamoja na lile faili la kulaza kompyuta nililolitaja, na kwa RAM ya GB 8 utarudishiwa gigabaiti kadhaa za diski.

Sasa nafasi. Diski ya GB 500 itaonekana kwenye Windows kama GB 465 hivi, na usidhani umeibiwa, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Mimi ningeiachia Windows GB 150, Linux ya kwanza ningeipa GB 60, ningeacha GB 50 tupu kwa ajili ya mfumo wa tatu siku utakapouhitaji, na zote zinazobaki ziwe patisheni moja ya mafaili ya wateja, iliyofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, ambayo Windows na Linux zote huisoma na kuiandika. Patisheni hiyo ya pamoja ndiyo jibu la swali lako kuhusu mafaili. Windows haiwezi kufungua patisheni ya ext4, ambao ni mpangilio wa mafaili wa Linux, bila programu ya ziada, kwa hiyo kazi ya mteja isihifadhiwe huko.

Kwa kompyuta ya umri huo ningekuchagulia Linux Mint, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Toleo la 22 la Mint litapokea masasisho hadi 2029. Faili lake la kusakinisha lina takribani GB 3, kwa hiyo lipakue usiku wakati bando ni nafuu, na likiisha usiliamini papo hapo, kwa kuwa mtandao unaokatikakatika huweza kuleta faili lenye kasoro. Kwenye Windows andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Badilisha jina la faili lilingane na lako, kisha linganisha herufi na tarakimu utakazozipata na zile zilizochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Baada ya hapo tumia programu iitwayo Rufus kuliandika kwenye flashi ya GB 8, ambayo itafutwa yote, kisha washa kompyuta huku ukibonyeza F12, ambayo kwenye Dell ndiyo inayoleta orodha ya vifaa vya kuwashia. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Itumie hivyo jioni nzima: jaribu mtandao, sauti, skrini, na hasa ile mashine ya kunakili, kabla hujabonyeza kitufe cha kusakinisha.

Kali usiiweke. Nitamwachia mwingine aeleze.

Mwalimu wa TEHAMA, Nachingwea

Nakubaliana na Fundi kuhusu Kali. Imetengenezwa kwa ajili ya wataalamu wa kupima usalama wa mitandao, na nyaraka zake rasmi zenyewe zinasema haimfai mtu asiyeizoea Linux. Mwanafunzi akiihitaji kwa zoezi fulani anaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuichomoa akimaliza.

Lakini ningependa Dada Karani aliangalie upya lile lengo lake la kujifunza mitandao, kwa sababu nadhani njia aliyoichagua haimfikishi. Kompyuta yenye mifumo mitatu kwenye diski huwasha mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiwa Ubuntu, Windows na Mint zimelala, na haziwezi kuzungumza nawe. Anayesoma mitandao anahitaji kinyume chake, yaani kompyuta mbili au tatu zilizo hai kwa wakati mmoja, moja ikiwa seva, nyingine mteja, ili aone anwani zikigawiwa na pakiti zikisafiri. Hilo linapatikana kwa kompyuta pepe, ambayo ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. VirtualBox ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na mfumo wa ndani huishi katika faili kubwa ambalo unaweza kulinakili au kulifuta bila patisheni yoyote kuguswa.

Prosesa yake inaimudu kazi hiyo, ila aingie kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta, kwa kubonyeza F2 wakati wa kuwasha na kuhakikisha teknolojia ya uwezeshaji wa kompyuta pepe ya Intel imewashwa. Kwa RAM ya GB 8, akiiachia Windows GB 4, anaweza kuendesha Debian mbili (Debian ni aina nyingine ya Linux) zisizo na dawati la picha kwa GB 1 kila moja na asione shida. Wanafunzi wangu hufanya mazoezi yao yote hivyo, na wakiharibu, tunarudisha faili la jana tukaendelea na somo.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba mfumo wa tatu asiuweke kwenye diski kabisa. Windows kwa ajili ya hesabu, Linux moja kwa ajili ya intaneti, na mazoezi ya chuo yawe ndani ya VirtualBox.

Karani wa Masasi

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Fundi. Hoja ya Mwalimu imenigusa, kwa sababu ni kweli zoezi letu la wiki ijayo linahitaji seva na mteja. Kali nimeiacha.

Nimefungua "Disk Management" na kuangalia tu, bila kubadilisha kitu. Diski ina patisheni nne: moja ndogo iliyoandikwa "System Reserved", ya C, nyingine ndogo ya kurejesha mfumo, na ya D yenye GB 300 ambayo ndiyo yenye kazi zote za wateja. Zote nne zimeandikwa "Primary". Pia niliandika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta, nikaona kwamba "BIOS Mode" ni "Legacy". Nilijaribu kusoma hatua za mbele nikakuta maelezo kwamba Windows inaweza kuniuliza kama nataka diski igeuzwe kuwa "dynamic". Je, ikiniuliza nikubali?

Msimamizi wa mtandao, Lindi Mjini

Usikubali, dada yangu. Swali hilo limewaponza wengi, na ninashukuru umelileta hapa kabla halijatokea.

Diski yako imepangwa kwa utaratibu wa zamani wa MBR, ambao unaruhusu patisheni kuu nne tu, na zako zimekwisha. Ukipunguza C sasa hivi utapata nafasi tupu, lakini hutaweza kuunda patisheni ya tano ndani yake. Windows itakupa njia ya kuigeuza diski kuwa "dynamic", jambo linaloonekana kama msaada, lakini visakinishi vya kawaida vya Linux havitaweza kupanga patisheni kwenye diski ya namna hiyo, na kurudi nyuma kwa zana za Windows zenyewe kunataka patisheni zote zifutwe kwanza. Kisakinishi cha Mint nacho kitakuonyesha ile nafasi tupu na kuandika kwamba haitumiki. Hapo ndipo mtu hukata tamaa na kuchagua kufuta diski nzima.

Utaratibu mpya unaitwa GPT. Windows inaruhusu hadi patisheni 128 kwenye diski ya GPT, na unaendana na UEFI, ambayo imechukua nafasi ya BIOS ya kale. OptiPlex yako inaimudu UEFI. Aliyekuwekea Windows hakuitumia tu. Microsoft ilitoa zana ya kuhamisha diski kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta Windows, na zana hiyo imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017. Ina masharti mawili yanayokuhusu: patisheni kuu zisizidi tatu, na pasiwe na patisheni ya ziada ya aina ya "extended". Wewe unazo nne. Kwa hiyo nakala yote ya D kwenye diski ya nje, tena ningependa nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, kisha uifute patisheni ya D, zibaki tatu. Halafu, UPS ikiwa imeunganishwa, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike kwanza amri ya kukagua:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Ikikubali bila kosa, rudia amri hiyo ukiweka /convert badala ya /validate. Zana itaunda patisheni ya EFI, ambayo ni ndogo na imefomatiwa kwa FAT32, na humo ndimo kila mfumo huweka programu yake ya kuwashia. Mara tu ukimaliza, zima kompyuta, ingia kwenye mipangilio kwa F2 na ubadilishe namna ya kuwasha kutoka "Legacy" kwenda UEFI. Usipobadilisha, Windows haitawaka, nawe utaogopa bure. Hakikisha pia flashi ya Mint unaiwasha kwa UEFI. Kwenye orodha ya F12 flashi moja huweza kuonekana mara mbili, na ya kuchagua ni ile iliyo chini ya kichwa cha UEFI. Windows ikiwa ya UEFI na Linux ikasakinishwa kwa namna ya zamani, GRUB haitaweza kuiwasha Windows kutoka kwenye menyu yake.

Kabla ya yote hayo kagua kama C imesimbwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Kwenye kompyuta ya umri huo si kawaida, lakini kama ipo, ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48 uandike kwenye karatasi, kwa sababu mabadiliko kwenye mfumo wa kuwasha huifanya Windows iudai.

Nina neno pia kuhusu ile ndoto ya mwanzo ya Ubuntu na Mint pamoja, hata kama umeiahirisha, maana iko siku utairudia. Mint ya kawaida imejengwa juu ya Ubuntu, kama Ubuntu ilivyojengwa juu ya Debian, na imerithi hata jina la folda inamoweka programu yake ya kuwashia ndani ya patisheni ya EFI: folda hiyo inaitwa "ubuntu" kwa zote mbili. Ukizisakinisha pamoja, ya pili huandika juu ya ya kwanza, na baadaye kila moja ikisasisha GRUB inaweza kuchukua tena nafasi hiyo, hivyo menyu unayoiona asubuhi huenda isiwe ile uliyoiacha jana. Anayetaka Linux mbili achague za koo tofauti, kwa mfano Mint na Debian, au Mint na Fedora, kwa sababu Debian ina folda yake na Fedora ina yake.

Mwisho, kwa kuwa yako ni ya mezani, kuna njia ninayoipenda kuliko zote: SSD ndogo ya pili, yaani diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Kesi nyingi za OptiPlex zina nafasi ya diski ya pili, na ubao wake una tundu la SATA, la kuunganishia diski, zaidi ya moja. Chomoa waya wa diski ya Windows, chomeka SSD, sakinisha Mint humo, kisha rudisha waya. Hakuna patisheni itakayofutwa kimakosa kwa sababu diski ya Windows haikuwepo, na unachagua mfumo kwa F12. Hata uhamisho wa GPT hauwi lazima siku hiyo.

Fundi wa Mtwara Mjini

Msimamizi amesema vyema, na kuhusu SSD ya pili ninaafiki kwa moyo wote kama bajeti inaruhusu. Ila ninaonya kuhusu SSD za bei ya kutupa zinazouzwa bila jina la kueleweka. Nimezipokea nyingine zimeandikwa ukubwa ambao hazina, zinapokea mafaili vizuri hadi ukubwa wake halisi unapokwisha, kisha yanayofuata yanaharibika bila onyo lolote. Inunue mahali ambapo unaweza kuirudisha, na uijaze mafaili na kuyasoma tena kabla ya kuikabidhi kazi ya mteja.

Kuna jambo moja litakalomsumbua Dada Karani siku ya kwanza, nalo ni saa. Linux huandika saa ya ndani ya kompyuta kwa wakati wa dunia, UTC, kisha huongeza tofauti ya nchi inapoionyesha. Windows huichukua saa hiyo hiyo kama ilivyo na kudhani ndiyo saa ya hapa. Tanzania iko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo ukitoka Linux saa nne asubuhi na kuwasha Windows, itakuonyesha saa moja. Kwenye ofisi inayochapa risiti na orodha za malipo, hilo si jambo la kuvumilia. Ukiwa kwenye Mint, fungua dirisha la amri na uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Amri hiyo inaiambia Linux itumie saa ya mahali kama Windows. Mint itakutolea onyo kwamba jambo hilo huleta matatizo, na onyo hilo lina maana zaidi katika nchi zinazobadilisha saa mara mbili kwa mwaka kufuata majira. Sisi hatubadilishi, kwa hiyo fanya bila hofu.

Vilevile, kama siku moja Windows ikipokea sasisho kubwa na menyu ya GRUB isionekane tena, usidhani Linux imefutwa. Mara nyingi Windows imejirudisha kuwa ya kwanza tu katika orodha ya kuwasha. Ingia kwa F2 na uipandishe "ubuntu" juu, ambalo ndilo jina Mint itakalotumia kama Msimamizi alivyoeleza. Hali ngumu zaidi ilitokea Agosti 2024, ambapo sasisho la usalama la Microsoft lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux zilizokuwa na programu ya zamani ya kuwashia, pale "Secure Boot", ulinzi unaokagua programu za kuwashia, ilipokuwa imewashwa. Waliozima "Secure Boot" waliweza kuingia na kurekebisha. Ndiyo sababu ninasisitiza Linux isasishwe kila mara na isiachwe miezi mingi kwa sababu tu huitumii.

Karani wa Masasi

Nimezungumza na mwenye duka, naye amekubali tununue SSD ya GB 240 pamoja na UPS, kwa kuwa UPS ilikuwa inahitajika hata bila mambo haya. Kwa hiyo Mint itakaa kwenye SSD, Windows itabaki kama ilivyo pamoja na patisheni ya D, na mazoezi yangu nitayafanya kwa VirtualBox ndani ya Mint. "Fast Startup" nimekwisha kuizima. Uhamisho wa GPT nitauacha hadi msimu wa korosho upite.

Nina maswali mawili ya mwisho. Je, Mint iliyo kwenye diski ya pili itaweza kufungua D iliyo kwenye diski ya kwanza yenye MBR? Na ikitokea siku moja tukataka kuiondoa Linux, tufanyeje ili Windows isikatae kuwaka?

Msimamizi wa mtandao, Lindi Mjini

D itafunguka. MBR na GPT zinahusu namna diski ilivyogawanywa, na Linux inazisoma zote mbili kwa wakati mmoja. NTFS nayo inaisoma na kuiandika. Ila kwa kuwa utakuwa na diski moja ya namna ya zamani na nyingine ya UEFI, menyu ya GRUB isitegemewe kuwasha Windows, na mipangilio ya F2 lazima iruhusu namna zote mbili za kuwasha. Tumia F12 kuchagua: diski ya kwanza chini ya "Legacy" kwa Windows, na SSD chini ya UEFI kwa Mint. Ukizoea, ni suala la sekunde chache kila asubuhi. Ukiona inakuchosha, sakinisha Mint nayo kwa namna ya "Legacy", kisha GRUB itaweza kuorodhesha zote mbili.

Fundi wa Mtwara Mjini

Kuhusu kuondoa, kwa mpango huu wa diski mbili ni rahisi sana: ingia F2, iweke diski ya Windows kuwa ya kwanza, washa kompyuta na uhakikishe Windows inawaka yenyewe, kisha zima na uchomoe SSD. Kama wakati huo utakuwa umeshahamia GPT na mifumo yote miwili iko kwenye diski moja, kwanza ipandishe "Windows Boot Manager" juu kwenye orodha ya kuwasha, uwashe Windows mara kadhaa ujiridhishe, ndipo ufute patisheni za Linux kwa "Disk Management". Patisheni ya EFI usiifute kamwe, hata ukiiona ni ndogo na haina herufi, kwa sababu Windows nayo inawakia humo humo. Jina la "ubuntu" linaweza kubaki kwenye orodha ya F12 baada ya hapo, na halina madhara.

SSD ikifika, kabla hujafunga kesi, angalia kama una waya wa pili wa SATA na kichwa cha umeme cha kuichomekea. Kompyuta nyingi zilizotumika huja bila hivyo viwili, na ni vyema uviagize pamoja na SSD yenyewe.